Kete ya Bibi

Marehemu bibi yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo halikuwa na maziwa. Ndani yake kulikuwa na ushanga: mwekundu kwa nje, mweupe kwa ndani, kila chembe ndogo kama punje ya mtama, umetungwa kwenye uzi uliobadilishwa mara nyingi, maana uzi unaoza na ushanga hauozi. Aliuokota kidogo kidogo tangu usichana wake, alipokuwa akilima mihogo kwenye mahame, upande wa mto Luama. Jembe linageuza udongo, mvua ya usiku inauosha, asubuhi chembe moja inang'aa. Bibi aliuita samesame. Uzi mzima aliuita kete. Tukimuuliza umetoka wapi, anasema, "Ulikuja na misafara." Misafara ilitoka wapi? "Pwani." Na huko pwani uliletwa na nani? Hapo bibi alikuwa akifunika kopo.

Basi nikakua nikiamini kwamba samesame huvuliwa baharini, kama kauri.

Wajukuu zangu wa Salamabila, na ninyi wa Kabambare na Kasongo, leo nawasimulia mahali nilipoukuta ushanga huo umezaliwa. Ni mji wa Italia unaoitwa Venezia. Kwenye vitabu vyenu vya Kifaransa mtaukuta umeandikwa Venise. Nilikaa huko siku moja tu, kuanzia treni ya asubuhi hadi ile ya usiku. Siku moja haimfanyi mtu mwenyeji. Lakini nilikuwa na kete ya bibi mfukoni, na nilijua ninachokitafuta.

Kazi ilikuwa imenipeleka mji wa jirani, Padova, mwendo wa nusu saa kwa treni. Tulipokaribia, ardhi iliisha. Treni haikusimama, ilipanda juu ya daraja refu, zaidi ya kilomita tatu, na maji yakawa pande zote mbili. Daraja hilo ni la mwaka 1846. Kabla yake, asiye na chombo hakuingia Venezia. Maji yenyewe ni ya bahari, ila yamezuiwa na visiwa virefu vya mchanga, kwa hiyo yametulia, na mahali pengi kina chake hakizidi kimo cha mtu. Katikati ya maji hayo nikaona minara na mapaa ya vigae, kama mji uliokwenda kuoga ukasahau kutoka.

Nikatoka kituoni, nikashuka ngazi, nikatafuta barabara. Pale ambapo barabara ingekuwa palikuwa na mfereji mpana, Canal Grande, karibu kilomita nne, unaopinda ndani ya mji kama nyoka anayejivuta.

Najua swali lenu. Pikipiki zinapita wapi? Hazipiti. Hata baiskeli hairuhusiwi. Nilisimama ukingoni nusu saa nzima nikitazama tu: mashua ya polisi, mashua ya wagonjwa inayopiga king'ora, mashua ya takataka, mashua iliyobeba simenti na matofali, nyingine imebeba friji mpya kwenye maboksi. Basi lao nalo ni chombo, wanakiita vaporetto, na kituo chake ni gati linaloyumba. Asiyepanda chombo anatembea. Mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyoshonwa pamoja kwa madaraja zaidi ya 400, na kati ya nyumba kuna vichochoro vingine vyembamba hata huwezi kunyoosha mikono miwili. Kwa kuwa hakuna injini barabarani, unasikia nyayo. Mtu anakuja nyuma yako, unamsikia tangu mbali, kama kijijini usiku.

Sasa, mji unasimamaje juu ya tope? Hili ningependa mlielewe vizuri, kwa sababu ninyi mnajua miti. Mmeona nguzo ya nyumba ikioza. Inaozea wapi? Si juu, na si chini kabisa. Inaozea pale usawa wa ardhi, unyevu na hewa vinapokutana, kwa maana wadudu na kuvu wanaokula mti wanahitaji vyote viwili. Watu wa Venezia waligongelea magogo ndani ya tope yakazama yote, yamebanana bega kwa bega. Huko chini hakuna hewa, kwa hiyo mlaji wa mti hawezi kuishi. Juu ya magogo wakaweka mawe meupe yasiyonyonya maji ya chumvi, juu ya mawe wakajenga kwa matofali. Miti ilikatwa milimani, ikafungwa pamoja na kuteremshwa na mito hadi baharini. Kanisa moja, Santa Maria della Salute, walilolijenga kumshukuru Mungu baada ya tauni ya mwaka 1630, husemwa limesimama juu ya nguzo zaidi ya 1,000,000. Nililitazama lile kuba kubwa la mawe nikafikiria msitu mzima umelala chini yake, wima, gizani, haujaoza.

Na kwa nini mtu mwenye akili aache nchi kavu, ajenge topeni? Kwa sababu alikuwa anakimbia. Miaka zaidi ya 1,400 iliyopita, majeshi yalikuwa yakipita katika nchi hiyo, jeshi hili likiondoka lile linaingia, na watu wa pwani wakaingia na watoto wao kwenye visiwa vya matete ambako farasi wa vita hawakuweza kuwafuata. Walidhani watarudi nyumbani. Wengine walirudi, vita vikaja tena, wakakimbia tena, na mwisho wakabaki. Nyumba za dhahabu na marumaru ambazo dunia nzima inakwenda kuzipiga picha zilianza kama vibanda vya wakimbizi waliokula samaki na kuuza chumvi. Nawaambia hivi kwa sababu wengi wenu mnajua kufunga mkeka usiku na kuelekea porini kabla hakujakucha. Nilipokuwa nikitembea pale nilikuwa nikiwawaza ninyi.

Jambo jingine litakalowashangaza ni kwamba mji uliozungukwa na maji haukuwa na maji. Yote ni ya chumvi. Kwa hiyo katika kila uwanja utaona kisima kilichochongwa kwa jiwe, kizuri kama kiti cha mfalme, sasa kimefunikwa. Kisima hicho hakikuchimbwa kufuata chemchemi. Walichimba shimo pana, wakalisiriba kwa udongo wa mfinyanzi ili chumvi isipenye, wakalijaza mchanga, na katikati wakaacha bomba la matofali. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa matundu pembeni ya uwanja, yanachujwa na mchanga, yanakusanyika katikati. Wanawake walikuja na ndoo, kila siku, kwa mamia ya miaka, mpaka mwaka 1884 maji ya bomba yalipoletwa kutoka bara. Mkibeba bidoni zenu asubuhi, kumbukeni kwamba hata mtaani kwa matajiri wale palikuwa na foleni ya maji.

Nilitaka kuvuka Canal Grande. Mtakuwa mmeona picha za gondola, ule mtumbwi mweusi uliojipinda. Una urefu wa karibu mita 11, umeundwa kwa vipande 280 vya miti ya aina nane, na upande wake wa kushoto umepanuliwa kuliko wa kulia kwa sentimita 24, kwa makusudi. Mpiga kasia ni mmoja, anasimama nyuma, kasia lake liko kulia tu. Chombo kingekuwa sawasawa kingezunguka pale pale. Safari ya nusu saa ni yuro 90, hela ambayo sikuwa tayari kuitoa. Lakini kuna mashua za kuvushia, zenye wapiga kasia wawili, zinazokwenda ng'ambo na kurudi, kwa yuro mbili. Nikapanda. Wenyeji wanavuka wakiwa wamesimama, nami nikasimama. Mpiga kasia wa nyuma hakutazama maji hata kidogo, alikuwa akiongea na mwenzake, na chombo kilikwenda kama kimefungwa kamba. Niliwakumbuka Wagenya wetu wa Lualaba, wanaosimama hivyo hivyo kwenye mtumbwi wa gogo moja, mguu mmoja mbele, wakisoma mkondo kwa nyayo. Yule wa Venezia ana ustadi. Lakini maji yake hayana hasira, na mkimweka kwenye Lualaba wakati wa masika, ni Mgenya atakayemfundisha.

Kutoka upande wa kaskazini wa mji nilipanda chombo cha kwenda kisiwa cha Murano. Njiani tulipita kisiwa chenye ukuta wa matofali na miti mirefu myeusi: San Michele, makaburi ya mji. Maiti pia huenda kwa mashua. Zamani kisiwani humo palikuwa na watawa, na mmoja wao, Fra Mauro, alichora ramani ya dunia nzima karibu na mwaka 1450. Ni duara kubwa, upana wake kama mita mbili, na kusini iko juu. Ndiyo, juu! Afrika imekaa pale ambapo sisi tumezoea kuiona Ulaya. Mtawa huyo, ambaye hakuwa baharia, alionyesha kwamba bahari inaizunguka Afrika, karibu miaka 50 kabla meli ya Mreno Vasco da Gama haijatia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Alijuaje? Aliwasikiliza wasafiri, wakiwamo watu wa Ethiopia waliofika Italia. Chombo kilipokuwa kikipita pale niliinama kidogo. Namheshimu mtu anayekaa mahali pamoja akasikiliza dunia.

Murano ndiko kwenye matanuru ya kioo. Mwaka 1291 wakubwa wa Venezia walitoa amri matanuru yote yahamie huko, kwa sababu mji ulikuwa na nyumba nyingi za mbao na moto ukitoka tanuruni ungekwenda nao wote. Mafundi walipewa heshima kubwa, na walikatazwa kuhama na siri zao.

Ushanga mdogo ulitengenezwa hivi. Fundi anachota bonge la kioo kilichoyeyuka, jekundu kwa moto, linalovutika kama asali nzito. Analipulizia hewa libaki tundu katikati. Kama anataka samesame, anaanza na kioo cheupe, kisha anakivika kioo chekundu juu yake. Mwenzake anakuja na fimbo ya chuma, anaigandisha upande wa pili wa bonge. Halafu wanakimbia! Mmoja huku, mwingine kule, kwenye ukumbi mrefu, na kioo kinavutika katikati yao mpaka kinakuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita, na lile tundu linabaki ndani yake kwa urefu wote, jembamba kama uzi. Kikipoa kinakatwa vipande vidogo vidogo. Vipande vina ncha kali, kwa hiyo vinachanganywa na unga wa chokaa na mkaa ili matundu yasizibe, vinazungushwa kwenye moto mpaka vinakuwa mviringo.

Hapa niwaeleze jambo ninyi mnaoishi jirani ya mashimo ya dhahabu. Wekundu bora wa Murano, ule unaopitisha mwanga kama damu ya kidole kilichowekwa mbele ya taa, unatoka kwenye dhahabu. Dhahabu huyeyushwa kwa tindikali kali, na kiasi kidogo mno kinatiwa kwenye kioo. Kikitoka tanuruni mara ya kwanza hakina rangi ya kueleza. Kikipashwa moto tena, wekundu unatokea wenyewe. Baba na kaka zenu wanaoosha mchanga kwenye karai, wakaona chembe ya njano, hawajawahi kuambiwa kwamba ile njano inaweza kuwa nyekundu.

Ushanga ukiwa tayari ulirudi mjini, mtaa wa Castello, kwa wanawake. Walikuwa maskini, wake na mabinti wa mabaharia na vibarua, nao walikaa nje milangoni, kila mmoja na trei ya mbao mapajani imejaa ushanga. Mkononi walishika sindano ndefu nyembamba, makumi kwa pamoja, zimetandazwa kama upepeo. Wanazichovya kwenye ushanga, wanazitikisa, zinatoka zimejaa. Siku nzima, kwa malipo madogo. Mwaka 1904 waligoma. Nilipita Castello jioni. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha juu ya mfereji. Nikawaza: mwanamke aliyekaa kwenye kizingiti hiki hakujua kete anayoifunga inakwenda kwenye shingo ya nani.

Inakwenda mbali. Kwa meli mpaka Unguja. Hapo inapimwa kwa frasila, kila moja kama kilo 16, na mpagazi anatwikwa mbili. Bagamoyo, Ugogo, Tabora, Ujiji. Wanavuka ziwa Tanganyika, wanapanda milima, wanaingia Kabambare, kisha Kasongo na Nyangwe. Miezi mingi ya miguu. Kete kumi zilifanya fundo moja, na huo ndio ulikuwa mfuko wa fedha wa njiani. Ila kila nchi ilikuwa na mtindo wake: Ugogo walitaka mweusi, sokoni Ujiji walitumia ule mfupi mweupe kama vipande vya mtemba, ulioitwa sofi, na samesame ulipendwa karibu kila mahali. Msafara uliokosea rangi ulilala njaa mbele ya ghala la chakula.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba watu wa misafara walikuwa na jina jingine la samesame: kivunja mji. Alieleza kwamba wanawake waliupenda hata wangefilisi nyumba zao na waume zao. Mimi nasoma jina hilo vingine. Waliokuja na ushanga walikuja pia na bunduki. Samesame ulinunua chakula, kweli, na mafuta ya mawese na samaki. Ulinunua pembe za ndovu. Ulinunua pia watu. Na pale biashara ilipoonekana ndefu, bunduki iliifupisha. Msafiri mwingine, David Livingstone, alikaa Kabambare miezi mingi, kuanzia mwaka 1870 hadi mapema 1871, miguu imejaa vidonda. Karatasi zilipomwishia huku Maniema aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mmea wa kwetu. Kutoka hapo alikwenda Nyangwe, akaona soko la maelfu ya watu kando ya Lualaba, wengi wao akina mama wenye vyungu na vikapu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walilimiminia soko hilo risasi. Waliokimbilia mtoni, mto ukawachukua. Mamia.

Kumbukeni bibi alikuwa akiokota ushanga wapi. Kwenye mahame. Mahame ni kijiji kilichovunjika. Mtu mzima mimi, nimesimama Murano, ndipo nilipoelewa kwa nini alifunika kopo.

Kisiwani kuna jumba la makumbusho ya kioo. Humo, nyuma ya kioo safi, nilikuta vibao vya mifano walivyopelekewa wafanyabiashara wachague: safu kwa safu za ushanga, kila rangi na mahali pake. Nilipita buluu, nikapita njano. Kisha nikaona wekundu wenye moyo mweupe. Nikatoa kete ya bibi mfukoni, nikaisogeza mpaka karibu iguse kioo. Zilikuwa zile zile. Tofauti ni moja tu: zile za kwenye kibao hazijaguswa na mtu tangu zifungwe, zimebaki na ung'avu wa dukani, za bibi zimelainika kwa shingo za watu na kwa miaka ya udongoni. Msichana mlinzi alinijia. Nilidhani atanifukuza. Aliitazama kete, akatazama kibao, akatazama tena kete, akaniuliza kwa Kifaransa kibovu kama changu nimeitoa wapi. Nikamwambia: Kabambare. Akaniomba nirudie jina. Nikalirudia, akalisema polepole, silabi kwa silabi, mpaka akalipata.

Uzi wa bibi ulikuwa umechoka. Kabla ya kurudi kituoni niliingia duka dogo la Castello, nikanunua uzi wa pamba na sindano. Kwenye treni, daraja likipita chini na taa za mji zikizama nyuma yetu, nilizimwaga chembe kwenye leso mapajani, nikaanza kuzitunga moja moja. Sikuwa na sindano makumi, wala mkono wa kazi ile. Tulipofika Padova nilikuwa bado natunga, nilimalizia chumbani.

Kopo lipo Salamabila, kwa dada yangu mdogo. Nendeni mchana, jua likiwa kali, mpige hodi kwa adabu. Atawafunulia. Inueni kete kuelekea mwanga, mtaona mwangaza unavyopita kwenye wekundu na kusimama kwenye moyo mweupe. Kisha mrudishieni, aifunike.